Geuza Pakiti, Soma Mgongo

Ukitaka kujua mtu wa Mchikichini anavyonunua kitu, nenda Karume Jumamosi asubuhi, belo likiwa ndiyo kwanza limefunguliwa. Hakuna anayeliangalia shati usoni. Linageuzwa ndani nje, linavutwa kwapani, kola inakunjuliwa kuona kama kuna mstari wa jasho la mzungu, vifungo vinahesabiwa, halafu kidole kinakwenda moja kwa moja kwenye kile kitambaa kidogo cha shingoni: pamba asilimia ngapi, limeshonwa wapi, saizi gani. Yote hayo kwa shati la shilingi elfu tatu. Muuzaji amesimama juu ya meza anapiga kelele zake, na wala hakasiriki. Anajua mteja asiyegeuza nguo si mteja, ni mpita njia.

Mchikichini ni kata ya Ilala iliyobanwa kati ya Kariakoo na bonde la Msimbazi, na jina lake ni la mti: mchikichi, huo unaotupa mawese. Watu wengi wanaifahamu kwa ajili ya mitumba tu. Ukisema "nimevaa Karume" kila mtu wa Dar anakuelewa, na siku hizi hata mabosi wa maghorofa ya Posta hawaoni haya kusema. Soko hilo liliteketea kwa moto Januari 2022, miezi sita tu baada ya moto wa Julai 2021 ulioramba soko kuu la Kariakoo. Walioona vibanda vyao vikigeuka majivu walirudi na meza, wakaanza tena. Ni sehemu ya watu wasiodanganyika kirahisi.

Sasa hebu fuatana nami hatua chache, kutoka kwenye hizo meza hadi kwenye duka la vitu vya watoto, umwangalie mama yule yule aliyekagua kwapa la shati kwa dakika tano. Anachukua kipakiti cha chakula cha mtoto, anaona picha ya karoti inayotabasamu, anauliza bei, analipa. Hakugeuza. Na hicho ndicho kinachokwenda tumboni kwa mtu ambaye hajaota hata meno!

Kilichonipeleka huko Jumamosi hiyo ni wifi yangu. Yeye na kaka yangu wanaishi Mchikichini, nyumba ya kupanga ghorofa ya pili, ukifungua dirisha unasikia mnada wa mitumba. Wifi anafanya kazi benki, kaka ni mtu wa kompyuta, na binti yao wakati huo alikuwa na miezi minane. Ni wale wanandoa ambao wewe msomaji unawajua, au ndiyo wewe mwenyewe: wote wawili kazini, jioni foleni, nyumbani yupo dada wa kazi wa miaka 19 ambaye ni mwema lakini hakuzaliwa akijua kupika uji wa mtoto.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 kwa mtoto mmoja, na siku 100 akijifungua zaidi ya mmoja. Akirudi kazini anastahili hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Shirika la Afya Duniani, WHO, nalo linataka mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, yaani kama siku 180. Piga hesabu mwenyewe utaliona shimo. Wifi alilivuka kishujaa, akikamua maziwa kwenye choo cha ofisi na kuyabeba nyumbani kwenye kopo lenye barafu. (Saa mbili za kunyonyesha, kutoka Posta hadi Mchikichini na kurudi, kwa foleni ya Dar! Aliyepanga hizo saa hana daladala.) Ulipofika mwezi wa sita alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa, na hapo ndipo kaka akaja na suluhisho ndani ya katoni: rojo za matunda na mboga kwenye vile vipakiti laini vyenye mdomo wa kufyonzea. Hakuna sufuria, hakuna blenda, hakuna kuonja kama chumvi imezidi. Mtoto alizipenda, dada wa kazi alizipenda zaidi.

Miezi miwili baadaye kadi ya kliniki ilikuwa na jambo la kusema. Ule mstari wa uzito uliokuwa ukipanda vizuri tangu kuzaliwa ulilala. Kaka akajitetea mbele ya muuguzi kwamba mtoto anakula matunda na mboga kila siku, tena za Ulaya. Muuguzi, mama wa makamo, akamtazama kwa upole. "Baba, mtoto anashiba. Ila anachoshiba si chakula."

Maneno hayo yalikaa nyumbani kwao wiki nzima kama mgeni asiyeaga. Kaka aliyachukulia kama tusi. Wifi aliyachukulia kama hukumu yake yeye. Mama yetu, bibi wa mtoto, alipopigiwa simu akasema tu, "Si niliwaambia," na hilo halikumsaidia mtu. Ndipo wifi akaniambia: "Shangazi mtu, wewe kazi yako ni kusoma maandishi ya watu. Njoo twende dukani unisomee."

Kabla hatujaingia dukani inabidi uelewe yule muuguzi alikuwa na maana gani, kwani mie mwenyewe ilibidi nikae chini na kalamu. Maziwa ya mama yana kama kilokalori 65 hadi 70 katika mililita 100. Rojo ya tufaa au peasi ina kama 50 katika gramu 100. Umeona? Chakula kilichokuja kuongeza nguvu juu ya maziwa ni chepesi kuliko maziwa yenyewe. Kwa mujibu wa WHO, mtoto wa miezi 6 hadi 8 anahitaji kama kilokalori 200 kwa siku kutoka kwenye chakula, mbali na maziwa anayonyonya. Kipakiti kimoja cha gramu 120 cha rojo ya matunda kinampa kama 60. Avipate wapi vingine, na aviweke wapi? Tumbo la mtoto linabeba takriban gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo binti wa kilo 8 akiwa ameshiba kabisa ana kama gramu 240 ndani. Ukimjaza peasi, ziwa la mama linakosa nafasi. Anasinzia ameridhika, nanyi mnafurahi, na mstari kwenye kadi unalala naye.

Halafu kuna madini ya chuma. Mtoto huzaliwa na akiba aliyopewa na mama yake tumboni, na akiba hiyo huanza kuisha karibu na miezi 6, wakati ule ule anapoanza kula. Maziwa ya mama yana chuma kidogo, na tufaa halina cha kujisifia. Chuma kipo kwenye maini, nyama, dagaa, kiini cha yai na maharage. Ndiyo maana swali la kwanza dukani si kama chakula ni cha asili au kina rangi gani. Swali ni je, ndani humu kuna kitu chochote kinachomjenga mtoto, au ni tunda tupu lililopigwa pasi?

Biashara hii yenyewe si ngeni. Mwaka 1928 familia ya Gerber, waliokuwa na kiwanda cha kusindika vyakula vya makopo katika mji wa Fremont, jimbo la Michigan huko Marekani, walianza kuuza mboga zilizochujwa kwa ajili ya watoto, baada ya mama wa nyumba hiyo kuchoka kuzichuja kwa mkono jikoni. Kwa maneno mengine, ilianza na mama aliyechoka, na mpaka leo huyo ndiye mteja. Vile vipakiti laini vya kubinya vilishika kasi baadaye sana, katika miaka ya 2000, na Ella's Kitchen iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2006 ni kati ya walioviingiza kwenye kila mkoba wa mama wa kule. Kutoka huko vikapanda meli na mabegi ya wasafiri mpaka Kariakoo.

Tulitembea kwa miguu, kwani Karume hadi Msimbazi kwa Mtaa wa Uhuru ni mwendo wa kupiga soga tu. Jua la saa nne lilikuwa limeshaanza fujo. Ukiacha Uhuru na kuingia mitaa ya ndani ya Kariakoo, njia inakuwa ya watu na mikokoteni, na vitu vya watoto vinaanza kukuzunguka: neti zenye maua, mabeseni, nepi, soksi za jozi tatu kwa elfu moja. Kwenye meza moja ya nje, juani kabisa, kulikuwa na vipakiti vya rojo vimepangwa kama sabuni. Nikakishika kimoja, kilikuwa cha moto kama chapati. Kingine kilikuwa kimevimba tumbo. Hivyo hata kama ni vya bure, msomaji wangu, pita. Kipakiti kilichovimba maana yake kuna vijidudu ndani wanafanya sherehe, na chakula kilichoiva na jua siku nzima hakirudi kuwa kizima kwa sababu tarehe yake haijafika.

Duka tuliloingia lilikuwa la ndani, lenye kivuli na feni, na kijana mwenye duka alitukaribisha vizuri. "Karibuni dada zangu. Mtoto wa miezi mingapi?" Wifi akamwambia. Kijana akashusha vipakiti sita kwa mpigo mmoja na kuvipanga mbele yetu, sura zote zikituangalia. Nikavigeuza vyote sita vikatupa mgongo. Akacheka.

Maandishi ya nyuma ni madogo kama chawa, sijui yaliandikwa kwa ajili ya nani. Dawa yake ni simu: piga picha, ikuze, soma kwa raha. Kipakiti cha kwanza mbele kiliitwa mchicha, brokoli na njegere, na kilikuwa na rangi ya kijani ya kukutia imani. Nyuma orodha ya viungo ilianza na tufaa, ikafuata peasi, na mchicha ulikuja wa mwisho kabisa, asilimia 5. Sheria ya orodha hizi ni moja na ukiijua umemaliza nusu ya kazi: viungo huandikwa kwa uzito, kizito kwanza. Kinachotangulia ndicho unachonunua. Kile cha mwisho kimekuja kupiga picha.

"Kwa hiyo nimekuwa nikimpa juisi ya tufaa iliyovaa gauni la mchicha," wifi akasema. Hakuwa anacheka.

Kipakiti cha pili kiliandikwa hakina sukari iliyoongezwa. Kweli, neno sukari halikuwapo. Lakini kulikuwa na sharubati ya zabibu iliyokolezwa, ile ambayo kwenye pakiti za Kiingereza utaiona kama "concentrate", na hiyo kwa ulimi wa mtoto ni sukari tu yenye cheti cha kuzaliwa cha matunda. Maltodekstrini, glukosi na sharubati za mahindi ni ndugu wa ukoo huo huo. Na hata pale ambapo kwa kweli hakuna kilichoongezwa, tunda lililosagwa mpaka likawa rojo limeshaachia sukari yake yote, halifanani na kipande cha papai alichokitafuna mwenyewe kwa fizi zake. Mwaka 2019 ofisi ya WHO ya Ulaya ilitoa matokeo ya uchunguzi wa karibu bidhaa 8,000 za watoto katika miji minne, Vienna, Sofia, Budapest na Haifa. Katika miji mitatu kati ya hiyo, nusu au zaidi ya bidhaa hizo zilikuwa zinatoa zaidi ya asilimia 30 ya nguvu zake kutoka kwenye sukari. Hiyo ni Ulaya ambayo kaka yangu alikuwa anamtajia muuguzi.

Halafu tusidhani kwamba nembo moja ni chakula kile kile kila mahali. Aprili 2024 shirika la Uswisi liitwalo Public Eye, pamoja na mtandao wa IBFAN unaotetea unyonyeshaji, walitoa ripoti kuhusu uji wa nafaka wa watoto wa Nestlé, Cerelac. Walionyesha kwamba katika nchi nyingi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini ulikuwa ukiuzwa na sukari iliyoongezwa, wakati nyumbani kwao Uswisi uji kama huo ulikuwa hauna. Kampuni ilijibu kwamba inafuata sheria za kila nchi inakouza, na hapo ndipo penye utamu, au uchungu, wa jambo lenyewe. Huo ni uji, si rojo, lakini somo ni lile lile la mitumba: shati la jina kubwa linaweza kuwa limeshonwa viwanda viwili tofauti. Soma lililo mkononi mwako.

Cha tatu kiliandikwa kinafaa kuanzia miezi 4. Kijana wa duka akasema hicho ndicho kinachotoka sana, akina mama wakikaribia kurudi kazini. Sikushangaa, nikikumbuka zile siku 84. Lakini umri ulioandikwa na kiwanda hauzidi ule wa WHO na wa Wizara yetu ya Afya, ni miezi 6. Tanzania tuna kanuni za mwaka 2013 zinazobana matangazo ya vyakula vya watoto wachanga, na tangu 2019 usimamizi wa usalama wa chakula ulihama kutoka iliyokuwa TFDA kwenda Shirika la Viwango, TBS. Kwa hiyo bidhaa iliyoingia kihalali ina mahali pa kuulizwa. Iliyoingia kwenye begi la mtu kati ya viatu na manukato haina. Nilipomuuliza kijana vyake vimepita wapi, vingine alinionyesha stika ya mwagizaji, vingine akakuna kichwa.

Cha nne kilikuwa na mdalasini. Hapo niliweka chini bila mjadala, labda ni woga wangu tu. Mwishoni mwa 2023 kule Marekani vipakiti vya rojo ya tufaa na mdalasini viliondolewa sokoni baada ya watoto kukutwa na madini ya risasi kwenye damu, na mamia ya visa viliripotiwa. Risasi ilikuwa imekuja na mdalasini. Mtoto wa miezi minane haombi mdalasini. Wala asali, ambayo hata wakikwambia ni ya Tabora, safi, ya kwetu, haifai kabla hajatimiza mwaka mmoja kwa sababu ya vijidudu vyenye sumu ambavyo tumbo lake haliviwezi.

Tukahamia upande wa vichupa vya kioo, ambako mambo yalikuwa afadhali. Kichupa cha viazi, karoti na nyama ya ng'ombe orodha yake ilianza na mboga, nyama ikaja ya tatu, sukari haikuwapo, na kwenye safu ya gramu 100 nguvu yake ilikuwa 75. Hiyo safu ya gramu 100 ndiyo rafiki yako, kwa sababu kipakiti kikubwa na kidogo vyote vinapimwa kwa ratili moja. Angalia nguvu: ikiwa chini ya maziwa ya mama, hicho ni kiburudisho. Angalia protini. Angalia chumvi, iwe kidogo sana au isiwepo. Kisha bonyeza katikati ya kifuniko. Kikidunda kwa mlio, hewa imeshaingia na mtu ameshakifungua. Kilicho salama hakidundi mpaka wewe mwenyewe ukifungue kwa mara ya kwanza. Na tarehe uisome kwenye kichupa chenyewe, si kwenye stika iliyobandikwa juu ya stika.

Kijana alikuwa amekaa kimya kwa muda. "Dada, mie wateja wananiuliza bei na ladha tu," akasema. "Nyie mngekuwa kumi kwa siku ningefunga duka." Hata hivyo alitupunguzia, tukachukua vichupa viwili vya nyama na kimoja cha dengu na mboga.

Bei nayo tuiseme. Siku hiyo kipakiti kimoja cha gramu 120 kilikuwa shilingi 7,500. Tulivuka kurudi hadi Soko la Ilala, na kwa 7,500 ile ile wifi akapata fungu la viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa iliyojaa vitamini A, maparachichi mawili na papai la wastani, akarudishiwa chenji ya dagaa. Parachichi lina kama kilokalori 160 kwa gramu 100, mara tatu ya ile rojo ya peasi, na kifungashio chake ni ganda. Mama mmoja muuza mafuta akatuuzia na kichupa cha mawese, akatuambia kijiko kimoja cha chai kwenye viazi vya mtoto kinatosha. Alikuwa sawa kabisa: kijiko hicho kina kama kilokalori 40 na rangi yake hiyo nyekundu ni vitamini A nyingine. Kata nzima imebeba jina la mti huo, na ilibidi tupitie Uingereza kwanza!

Usinielewe vibaya ukadhani vya kwetu vyote ni malaika. Unga wa lishe wa kupimiwa, ule wa mchanganyiko wa nafaka saba na karanga, ninauogopa kama usipojulikana ulikosagwa. Mwaka 2016 watu waliougua kwa sumukuvu katika maeneo ya Dodoma na Manyara walifika 68, na 20 kati yao wakafariki, wengi wakiwa watoto, kwa kula mahindi yaliyoingia ukungu. Sumu hiyo haiishi kwa kuchemsha. Karanga na mahindi chagua mwenyewe, tupa iliyosinyaa na yenye ukungu, kausha, ndipo upeleke mashineni. Ukinunua uliofungashwa, tafuta alama ya TBS.

Jioni ndiyo ilikuwa ngumu. Kaka aliviona vile viazi mezani akasema, "Kwa hiyo tumerudi kwenye kuponda ndizi. Nilidhani tunaishi karne hii." Wifi, ambaye siku nzima alikuwa mpole, akaweka kijiko chini. "Mume wangu, tangu kliniki kila mtu ananiuliza mimi mtoto kala nini. Muuguzi, mama, dada yako huyu, mpaka jirani. Wewe hakuna anayekuuliza. Ulileta katoni, ukaona umemaliza." Kukawa kimya. Mie shangazi nikajifanya namfuta mtoto mdomo uliokuwa msafi.

Nimehariri makala nyingi za mapenzi na ndoa, na nakwambia ugomvi mwingi wa wanandoa wenye mtoto mchanga unahusu nani anabeba mzigo wa kufikiria. Pesa kaka alitoa, tena nyingi. Alichokuwa hajatoa ni kichwa chake. Nampa sifa kwa sababu hakuinuka kwenda kwa washikaji. Alichukua simu akaanza kuuliza viazi vinachemka muda gani.

Utaratibu walioufikia ni huu, uuchukue kama ukikufaa. Jumapili jioni jiko ni la baba. Anachemsha viazi lishe, maharage au dengu, nyama ya kusaga, na mara moja kwa wiki maini kidogo. Anaponda kwa uma, hasagi mpaka ulaini wa krimu, maana mtoto wa miezi minane anatakiwa ajifunze kutafuna, na akifika mwaka ale cha familia. Anapanga kwenye trei za barafu na kuweka friza. Dada wa kazi kazi yake ni kupasha vipande vitatu vinne mpaka vitoe mvuke, kuweka mawese au parachichi, kupooza, na kulisha mara tatu kwa siku, ziwa likiendelea asubuhi, jioni na usiku. Kwenye mlango wa friji kuna karatasi anayoandika mtoto alichokula, na anayeisoma akirudi ni yeyote anayetangulia kufika. Umeme ukikatika mchana kutwa na vile vipande vikayeyuka, vinaliwa siku hiyo au vinatupwa, havigandishwi mara ya pili.

Na vichupa vya dukani je? Vipo, kabatini, kwa siku ambazo foleni imekula jioni yote au dada ameomba ruhusa. Mwezi uliofuata mstari wa kadi ulianza kuinuka, kidogo, muuguzi akasema tuendelee. Desemba walikwenda Moshi kwa basi, wakabeba vichupa viwili vya nyama na vile vipakiti vya matunda vilivyokuwa vimebaki kwenye katoni la kaka. Kipakiti hakinyonywi, kinabinywa kwenye kijiko, ili mtoto aone anachokula na asishike mtindo wa kufyonza siku nzima, meno yenyewe ndiyo yanatoka. Kiasi anachokula kinawekwa kwenye bakuli. Kijiko kilichotoka mdomoni hakirudi kichupani, kwa sababu mate yanakiharibu chakula haraka, na kichupa kilichofunguliwa bila friji hakikai safari nzima. Walipofika Korogwe kaka alitupa nusu kichupa, akalalamika bei yake mpaka Same.